Mshipa mmoja au mitatu: kulinganisha majibu ya moyo kabla ya kuchagua dawa, stenti au upasuaji

Desemba iliyopita, nyumbani Kibosho, mlimani Kilimanjaro, niliwekewa mezani karatasi mbili za majibu ya kipimo cha mishipa ya moyo. Moja ilikuwa ya baba mkubwa, mwenye miaka 66. Nyingine ya baba mdogo, mwenye miaka 58. Kila mmoja kwa wakati wake alishuka Dar es Salaam, akaingizwa mrija mwembamba kupitia mkononi, akapigwa picha ya mishipa, akarudi na bahasha. Kabla sijafika kutoka Arusha ninakofanya kazi, ukoo ulikuwa umeshakaa kikao. Walisoma walichoweza kusoma, yaani namba. Ya baba mdogo ilikuwa na 95. Ya baba mkubwa ilikuwa na 80, 75 na 70. Wakaamua kwamba mwenye 95 ndiye aliye hatarini, michango ianze kwake, na mwenye 80 asubiri msimu ujao wa kahawa.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya ndani. Niliposoma zile karatasi mpaka chini niliomba kikao kirudiwe, maana zilikuwa zinasema kinyume kabisa cha walivyoamua. Mwenye 95 angeweza kusubiri. Mwenye 80 ndiye aliyekuwa hana muda.

Tangu siku ile nimeletewa bahasha nyingine nne, mbili za majirani wa Arusha na mbili za watu wa kule mlimani, na kila mara kosa ni lile lile: watu wanalinganisha asilimia. Kwa hiyo nimeandika hapa ulinganisho ninaoufanya mwenyewe ninapoletewa karatasi ya namna hiyo. Hauchukui nafasi ya daktari wa moyo. Utakusaidia kumwuliza maswali yanayofaa, na kujua kwa nini anampendekezea ndugu yako vidonge huku jirani yake akipelekwa kupasuliwa.

Kwanza, mfongo

Aliyekulia mlimani anaujua mfongo. Maji yanachepushwa juu mtoni, yanashuka kwa mfereji mmoja, kisha yanagawanyika kwenda kwa huyu na kwa yule. Takataka zikiziba tawi linaloingia shambani kwako, migomba yako inanyauka, ya jirani inaendelea. Zikiziba kule juu, kabla mfereji haujagawanyika, ukoo mzima unakosa maji siku hiyo hiyo.

Moyo nao una mifereji yake. Nyama ya moyo hailishwi na damu inayopita ndani ya vyumba vyake, inalishwa na mishipa midogo inayoizunguka kwa nje. Upande wa kushoto mshipa unaanza kama shina fupi, na kwenye karatasi shina hilo huandikwa LM au LMS. Shina linagawanyika mara mbili: tawi linaloshuka mbele ya moyo, LAD, na tawi linalozunguka nyuma, LCX. Upande wa kulia kuna mshipa wake, RCA. Daktari akisema "mishipa mitatu imeathirika" anamaanisha LAD, LCX na RCA kila mmoja una mahali palipobana. Hamaanishi sehemu tatu za mshipa mmoja. Shina la kushoto halihesabiwi pamoja na hiyo mitatu. Lina uzito wake peke yake, kwa sababu ndilo juu ya mfongo.

Asilimia ina kazi yake, lakini ni kazi ndogo. Kwa kawaida mshipa ukibana kuanzia asilimia 70 unahesabiwa kuwa na tatizo la kweli, na kwa shina la kushoto 50 inatosha. Ukishavuka mpaka huo, tofauti ya 80 na 95 haisemi mengi kuhusu nani ataishi. Kinachosema ni wapi, mingapi, moyo unasukuma damu kwa nguvu gani, na kama mgonjwa ana kisukari.

Hesabu ya zamani ambayo bado inafundisha

Kuna rejesta ya utafiti iitwayo CASS, iliyoandikisha wagonjwa karibu 25,000 Marekani na Kanada katika miaka ya 1970. Wale waliotibiwa kwa dawa tu walifuatiliwa kwa miaka 12. Katika kila watu 100 wenye mshipa mmoja uliobana, 74 walikuwa hai baada ya miaka hiyo. Wenye mishipa miwili walikuwa 59. Wenye mitatu, 40.

Isome taratibu, usije ukamhesabia mtu siku zake. Hao walikuwa wagonjwa wa enzi ambayo statini, dawa zinazoshusha mafuta kwenye damu, zilikuwa hazijaingia hospitalini. Mgonjwa wa leo anayemeza dawa zake vizuri ana nafasi nzuri kuliko wao. Kinachobaki ni zile ngazi: kila mshipa unaoongezeka unakushusha, na hatua ya kutoka miwili kwenda mitatu ni ndefu.

Watafiti hao hao waliwapanga wagonjwa kwa nguvu ya moyo kusukuma damu, ile namba ya kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inayoandikwa EF. Wenye 50 na kuendelea, waliokuwa hai baada ya miaka 12 ni 73 kati ya 100. Wenye 35 mpaka 49, 54. Walio chini ya 35, 21. Linganisha na ngazi za mishipa hapo juu uone kwamba moyo uliochoka unapunguza maisha kuliko hata idadi ya mishipa. Ndiyo sababu nikipewa bahasha natafuta karatasi ya eko kabla ya kuangalia picha ya mishipa. Mara nyingi haimo. Imeachwa nyumbani kwa kuwa "ile ni ya zamani".

Mshipa mmoja: dawa au stenti

Baba mdogo RCA yake ilibana katikati kwa asilimia 95. LAD na LCX safi. EF yake 60. Kifua kilimbana akipanda kutoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe, akisimama dakika mbili kinaachia. Hajawahi kupata shambulio la moyo.

Kwa mtu wa namna hii, stenti, kile kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi, ina faida, ila si ile ambayo ndugu wanaifikiria. Utafiti wa COURAGE wa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa 2,287 wenye maumivu ya kifua yaliyotulia: nusu waliwekewa stenti pamoja na dawa, nusu wakapewa dawa peke yake kwa ukamilifu. Baada ya takriban miaka minne na nusu, waliokufa au kupata shambulio la moyo walikuwa 19 kati ya 100 upande wa stenti, na 18.5 upande wa dawa. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, ISCHEMIA, wa wagonjwa 5,179. Huo ulihusisha hata wenye mishipa zaidi ya mmoja, lakini uliwaacha nje wenye shina la kushoto lililobana. Nao haukukuta kwamba kukimbilia kuzibua kunarefusha maisha ya mgonjwa aliyetulia. Kilichoonekana ni kwamba waliokuwa wakisumbuliwa na maumivu mara kwa mara walipata nafuu zaidi wakizibuliwa.

Ndugu wengi hapa hunikatiza: inawezekanaje mshipa wa asilimia 95 usiue? Inawezekana kwa sababu mbili. Mshipa unaobana taratibu kwa miaka unaupa moyo muda wa kufungua vijia vya pembeni, kama maji yanavyojitafutia njia mfereji ukijaa udongo kidogo kidogo. La pili, ambalo wengi hawajawahi kuambiwa, ni kwamba shambulio la moyo mara nyingi halianzi pale palipobana sana. Linaanza kwenye uvimbe wa mafuta mdogo tu, labda umeziba nusu ya njia au chini ya hapo, unaopasuka ghafla na kugandisha damu juu yake. Stenti inatengeneza sentimita mbili tatu za mshipa mmoja. Asprini, statini na kudhibiti presha vinalinda mishipa yote, pamoja na sehemu ambazo picha haikuzionyesha kuwa na shida.

Kwa hiyo kwa mshipa mmoja, mgonjwa akiwa ametulia, chaguo langu ni dawa kwanza, zimezwe kila siku bila kukatisha, na baada ya miezi mitatu hivi ujiulize maumivu yamepungua kiasi gani. Yakiwa bado yanamnyima mtu kazi yake, stenti ni haki yake.

Mambo mawili yanaugeuza uamuzi huu. LAD ikibana pale juu kabisa inapotoka kwenye shina, huo si mshipa mmoja wa kawaida, kwa sababu LAD inalisha ukuta wa mbele na sehemu kubwa ya ukuta wa katikati. Hapo mzungumze na daktari kuhusu kuzibua mapema. Na shambulio la moyo lenyewe, mtu anatokwa jasho la baridi, kifua kimebanwa zaidi ya dakika 20, maumivu yanapanda shingoni au yanashuka mkono, halina mjadala wa dawa kwanza. Kuzibua haraka kunaokoa maisha, na kila saa inayopita nyama ya moyo inakufa.

Hili la mwisho linaniuma kuliko yote. Watafiti waliofuatilia wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura hapa kaskazini mwaka 2019 wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi walikuta 152 kati yao wana shambulio la moyo. Zaidi ya wanne katika kila kumi wa hao walikuwa wamefariki ndani ya siku 30. Huku mitaani mtu wa namna hiyo anapewa dawa ya vidonda vya tumbo, au anaambiwa ni kichomi, anywe chai ya tangawizi alale. Ndugu yako mwenye presha au sukari akibanwa na kifua, mwombeeni kipimo cha umeme wa moyo siku ile ile. Ni waya chache kifuani na karatasi ndefu yenye mistari, na hakimalizi dakika kumi.

Mishipa miwili

Hapa sitakaa sana. Mishipa miwili ni eneo la katikati, na majibu yanategemea kitu kingine. Kama LAD haimo, au imo lakini imebana chini kabisa, mgonjwa anafanana zaidi na wa mshipa mmoja. Kama LAD imebana juu na ana kisukari, anafanana zaidi na wa mishipa mitatu. Mwulizeni daktari, "Huyu mgonjwa wetu umemweka karibu na kundi gani?" Atawajibu vizuri.

Mishipa mitatu, hasa kwa mwenye kisukari

Huyu ndiye baba mkubwa. LAD asilimia 80, tena juu. RCA 75, LCX 70. EF 45. Kisukari miaka 14. Na cha ajabu, maumivu yake yalikuwa madogo kuliko ya mdogo wake: alikuwa anachoka tu, anakosa pumzi kidogo, anakaa kwenye jiwe pale njiapanda anasalimia wapita njia ili mtu asijue amesimama kwa nini. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo kifua kinaweza kunyamaza hata moyo ukilia njaa. Msipime ukubwa wa ugonjwa kwa ukubwa wa kelele za mgonjwa.

Kwa mtu wa namna hii swali si tena dawa au kuzibua. Dawa atameza vyovyote vile. Swali ni stenti kadhaa, au upasuaji wa kupandikiza mishipa, ule watu wanaouita baipasi.

Utafiti wa SYNTAX uliwapa wagonjwa 1,800 njia hizo mbili, kisha wakafuatiliwa mpaka miaka 10. Kwa wenye mishipa mitatu, waliofariki upande wa stenti walikuwa 28 kati ya 100, upande wa upasuaji 21. Stenti za utafiti ule ni za kizazi cha nyuma, na za sasa ni bora, jambo ambalo daktari anaweza kukukumbusha na atakuwa na haki. Lakini pengo hilo lina sababu ambayo stenti bora haiiondoi. Stenti inazibua pale palipoziba leo. Mshipa uliopandikizwa unaunganishwa chini, mbele ya sehemu yote mbovu, kwa hiyo hata uvimbe mpya ukitokea hapo juu miaka mitano ijayo, damu ina njia yake nyingine. Ni kama kuacha kuzoa takataka kwenye mfongo na kuvuta bomba jipya linaloingilia chini shambani.

Kwa wenye kisukari pengo ni pana zaidi. Utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012 ulikuwa wa wagonjwa 1,900, wote wana kisukari na zaidi ya mshipa mmoja uliobana. Baada ya miaka 5, waliofariki kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 16.3 upande wa stenti na 10.9 upande wa upasuaji. Waliopata shambulio la moyo walikuwa 13.9 dhidi ya 6.0. Lakini kiharusi kiliwapata asilimia 5.2 ya waliopasuliwa na 2.4 ya waliowekewa stenti. Namba hiyo ya mwisho isifichwe kwenye kikao cha familia. Nilimsomea baba mkubwa mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wanawe, kwa sababu mwili ni wake.

Akaniuliza, "Mama, na kufa mezani je?"

Nikamjibu kwamba katika vituo vyenye uzoefu, kwa mgonjwa wa kawaida, ni mtu mmoja mpaka watatu kati ya 100, na kwamba sukari ikiwa juu na figo zikiwa zimechoka hesabu hiyo inapanda. Alinyamaza. Akachukua kalamu yangu ya bluu, akachora moyo nyuma ya bahasha, vibaya sana, kama kiazi, akaniambia nimwonyeshe wanapokata na wanapounga. Nikamchorea. Mshipa mmoja unatolewa ukutani mwa kifua, upande wa kushoto kwa ndani, unaunganishwa kwenye LAD. Huo ndio tunu ya upasuaji wote: baada ya miaka 10, takriban tisa katika kila kumi bado unapitisha damu. Mingine huchukuliwa mguuni, na hiyo haidumu hivyo, karibu nusu huwa imeziba muda huo ukifika. Kwa hiyo mkiwa na nafasi ya swali moja tu kwa daktari wa upasuaji, ulizeni kama mshipa wa ndani ya kifua utatumika kwa LAD.

Chaguo langu kwa mishipa mitatu yenye kisukari ni upasuaji, labda mwili wa mgonjwa uwe hauwezi kuuhimili: mapafu mabovu, figo zimekwisha, udhaifu mkubwa wa uzee, au mishipa myembamba mno chini kiasi kwamba hakuna pa kuunga. Kwa mishipa mitatu bila kisukari, yenye sehemu fupi zilizobana na rahisi kufikika, stenti inaweza kukaribia upasuaji. Madaktari wana alama za kupima ugumu wa mishipa, zinazoitwa pia SYNTAX. Zikiwa 22 au chini, stenti ni mshindani wa kweli. Zikiwa 33 na kuendelea, upasuaji unaongoza waziwazi.

Shina la kushoto

Karatasi ikiandikwa LMS asilimia 50 au zaidi, msiirudishe kwenye bahasha mkasubiri Pasaka. Hapa ndipo dawa peke yake zinashindwa kabisa kulinganishwa na kuzibua. Mwaka 1994 tafiti saba za zamani zenye wagonjwa 2,649 zilijumlishwa pamoja. Kwa wagonjwa wote kwa ujumla, waliofariki ndani ya miaka 5 walikuwa asilimia 10.2 ya waliopasuliwa na 15.8 ya waliopewa dawa. Walionufaika zaidi ya wote walikuwa wenye shina la kushoto, wakifuatiwa na wenye mishipa mitatu.

Stenti au upasuaji kwa shina? Tofauti na mishipa mitatu, hapa mambo yamekaribiana. Kwenye SYNTAX, baada ya miaka 10, waliofariki walikuwa 26 kati ya 100 kwa stenti na 28 kwa upasuaji, tofauti isiyo na uzito. Kwa hiyo shina peke yake, bila mishipa mingine mibovu, linaweza kuwekewa stenti na mtaalamu mwenye mkono mzoefu. Shina pamoja na mishipa mitatu linarudi kwenye upasuaji. Linalowaua watu hapa ni kuchelewa. Nimeona familia ikibishana wiki sita kati ya njia mbili ambazo zote zingemfaa mzee wao.

Moyo uliochoka

EF ikiwa 35 au chini, uchaguzi unakuwa mzito kwa sababu mgonjwa anayehitaji upasuaji zaidi ndiye ambaye kumpasua kunaogopesha zaidi. Utafiti wa STICH ulihusisha watu 1,212 wa namna hiyo. Baada ya miaka 10 walikuwa wamefariki asilimia 58.9 ya waliopasuliwa na 66.1 ya waliobaki na dawa. Faida ipo, lakini inakuja polepole, na miezi ya mwanzo baada ya upasuaji ndiyo yenye hatari. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, REVIVED, ulijaribu stenti kwa mioyo ya namna hiyo na haukupunguza vifo. Kwa mzee wa miaka 80 mwenye moyo wa namna hiyo, dawa za kusaidia moyo uliochoka na kliniki ya karibu vinaweza kuwa uamuzi wa upendo. Kwa mtu wa miaka 55, pambaneni.

Kundi moja zaidi, kwa sababu wengi wao ni mama zetu: maumivu ya kifua ni ya kweli, kipimo kinarudi "mishipa haijaziba", mgonjwa anaambiwa ana mawazo. Mishipa midogo kabisa, ambayo picha haiioni, inaweza kuwa ndiyo inayobana. Hatari yao ni ndogo kuliko ya wenye mshipa uliobana, lakini haifiki sifuri. Presha, sukari na mafuta yao vinahitaji kutibiwa vile vile.

Ukichagua ukiwa Moshi au Arusha

Ukiacha zile za idara ya dharura hapa kaskazini, namba hizo nyingi zinatoka kwa watu ambao hospitali ya moyo iko karibu nao. Sisi tunaishi huku, na hilo nalo liingie kwenye mizani.

Njia ya kawaida ni kliniki ya moyo KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, au hospitali kubwa za Arusha, kwa eko, kipimo cha umeme na dawa, kisha rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili. Ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Moshi. Wapo wanaovuka Namanga kwenda Nairobi kwa sababu kwa mtu wa Arusha ni karibu zaidi, ila bima ya hapa isihesabiwe huko mpaka mmeuliza kwa maandishi. Kabla ya safari yoyote ulizeni bima inalipa stenti ngapi, na inalipa vipi malazi ya mnaomsindikiza. Malazi ndiyo yanayowamaliza watu.

Stenti inaonekana rahisi: siku mbili tatu na mtu amerudi. Lakini inakuja na deni la vidonge viwili vya kuzuia damu kuganda kila siku, kwa kawaida miezi 6 kwa aliyetulia na 12 kwa aliyepata shambulio, kisha kimoja maisha yote. Akiviacha mwezi wa pili kwa sababu duka la dawa la kijijini vimeisha, stenti inaweza kuziba ghafla na kumwua. Kama mgonjwa wako anaishi juu kule Uru au Old Moshi, na anajulikana kwa kuacha dawa akijisikia vizuri, mwambieni daktari ukweli huo kabla hajachagua. Si aibu, ni sehemu ya majibu yake.

Upasuaji unadai mapema, kwa mkupuo. Mfupa wa kifua unahitaji wiki 6 mpaka 12 kuunga. Muda wote huo hakuna jembe, hakuna ndoo, hakuna mkungu wa ndizi, hakuna kuendesha gari, na pikipiki ya kushuka mjini isahaulike. Panga mtu wa kukaa naye. Mguu uliotolewa mshipa utavimba, na kwa mwenye kisukari kidonda kichunguzwe kila siku. Safari ya basi kurudi huku ni ndefu kwa kifua kilichoshonwa. Sisi tulichelewesha kurudi wiki tatu, akakaa kwa binamu Tabata, na sikujutia.

Kikao cha pili

Michango ikageuzwa. Baba mdogo ndiye aliyesimama kwanza, akasema yeye fedha zake ziende kwa kaka, atameza vidonge. Ameanza asprini, statini, dawa ya kutuliza mapigo, na kidonge cha kuweka chini ya ulimi akibanwa. Baba mkubwa alipasuliwa mwezi Machi, mishipa mitatu, ule wa ndani ya kifua ukaunganishwa kwenye LAD kama tulivyochora nyuma ya bahasha. Sukari ilisumbua siku tano, mguu ukachukua mwezi mzima kukauka.

Mara ya mwisho nimepanda Kibosho ilikuwa wiki ya kumi. Nilimkuta amekaa barazani, ameshika mto kifuani kama alivyofundishwa, ili akikohoa mshono usivutike.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mama. Mwangalie mdogo wangu."

Nikageuka. Baba mdogo alikuwa anatokea bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe wa kaka yake kichwani, anapanda taratibu. Alisimama mara moja tu, pale penye migomba, akavuta pumzi, akaendelea.